Bakuli la Kumi na Saba

Mabakuli kumi na sita yamelala juu ya gunia,
pundamilia kumi na sita, shingo zote upande mmoja
kama dalali alivyoagiza. Hayo mkono huyachora
huku akili iko sokoni, iko shuleni,
iko kwenye deni la mabati.
La kumi na saba niliambiwa: chora utakalo.
Kuna mteja anataka kitu ambacho hajakiona.

Hapo ndipo nilipokwama.

Kwa maana kitu ambacho hakijaonekana
hakiji mbio. Huja kama paka wa jirani:
hutia kichwa mlangoni, hunusa,
na ukikohoa tu, unaona mkia.

Simu yangu hukohoa.
Nimeilaza dirishani, uso chini,
lakini inatetemeka hadi vumbi la mawe linaruka.
Harambee ya mazishi ya Mzee Ontita:
nani ametoa mia mbili, nani ameahidi jogoo.
Bahati nasibu: bonyeza moja.
Ondari, kutoka machimboni, anauliza kama nimeona koleo;
koleo limo begani mwake, nilimwona akiondoka nalo.
Dalali: Umefika wapi?

Nimefika wapi.
Nilikuwa karibu kufika, ndugu yangu.
Nilikuwa na mstari. Ulianzia ukingoni,
ukateremka kama maji yanavyotafuta shamba la mwenzio,
na pale pale ulipotaka kupinda
nilijibu salamu.
Niliporudi, njiti yangu ya mwavuli ilikuwa mkononi,
imenolewa, tayari,
na mstari haukuwa popote.

Watu hapa Tabaka hudhani ukikatizwa
umepoteza dakika. Dakika huokotwa.
Mimi hupoteza ngazi,
vile vidato nilivyopanda bila kutazama chini,
na kuanza tena kidato cha kwanza
nikiwa sasa najua kwamba ni kirefu.

Saa nane mvua ikaja juu ya mabati, stima ikaenda,
mtandao ukaifuata. Nikasema: haya, sasa.
Uongo.
Kimya kilikuja na midomo yake.
Nikahesabu madeni bila kuulizwa.
Nikainua simu iliyokufa, nikaitazama, nikaiweka,
nikaiinua,
kama ulimi unavyorudi kwenye pengo la jino.

Basi nikaacha kuchora. Nikatia mikono kwenye karai,
nikasugua viboko vya Ondari kwa msasa,
kiboko baada ya kiboko,
maji yakawa meupe kama uji wa mgonjwa.
Sikuwa nikifikiri. Sijui ni muda gani.

Ndipo Bosibori, miaka mitano, akatoka uvunguni mwa meza,
magoti yote vumbi:
"Mama, ndani ya jiwe kuna giza?"

Nilifungua kinywa nimfukuze.
Kikabaki wazi.
Swali lile halikunivuta nje, lilinisukuma ndani.
Kumbe kuna anayebisha hodi na kitu mkononi,
na kuna anayebisha mkono mtupu,
akiondoka, unapapasa kibindo.
Miaka yote hii nimewafungulia wote
mlango ule ule.

Nikachukua la kumi na saba. Nje sikuligusa.
Nilianza ndani, chini kabisa, mahali uji hufunika,
mstari mmoja mwembamba unaozunguka kwenda juu
kama mtu anayepapasa ukuta gizani
akitafuta bawaba ya mlango.
Dalali atauliza huko nani ataona.
Atakayemaliza kula.

Nimefika nusu. Stima imerudi.
Dirishani kitu kinatetemeka, vumbi linaruka.
Bosibori ananitazama mimi,
kisha dirisha,
kisha mimi.